Kazi Nyepesi ya Juani

Ipo siku moja ya Julai, mwanangu, ambayo hunirudia kila ninaponyoosha miwani yangu. Na miwani hii huinyoosha mara nyingi, maana upande wa kushoto haina pa kukaa. Nimeifunga kwa lastiki ya kushonea nguo. Wajukuu wananiita Bibi Lastiki, nami huitika, kwa sababu nimewahi kuitwa mabaya kuliko hayo.

Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kurudi kwetu Mbozi. Mimi, kama unionavyo, ni mwenye ualbino, na tangu utoto napenda kukaa nyumbani kuliko kitu chochote. Harusi zilinichosha, mnada ulinichosha, hata kanisani nilikaa karibu na mlango nipate kuwahi kutoka. Mama hakunigombeza. Ndugu zangu walipokwenda kulima mahindi na kuchuma kahawa, alisema, "Huyu ngozi yake laini, mwacheni. Atafanya kazi nyepesi."

Kazi nyepesi ilikuwa kuanika kahawa. Unakaa kwenye kigoda uani kando ya vichanja, unaigeuzageuza ikauke sawasawa, unafukuza kuku. Hebu pima busara hiyo: mtu asiyeona mbali ndiye apewe ulinzi! Kuku walinizoea. Kuna mmoja nilimkaribisha kwa heshima zote nikidhani ni mtoto wa jirani amechutama.

Jua, lakini, halikuhitaji kukaribishwa. Julai kwetu baridi inauma vidole, na mtu akiona jua limejitokeza hulifuata akaliote. Nani angeamini kwamba jua lisilokutoa jasho linaweza kukuchoma? Nilihama na kigoda changu kulifuata, nikaona raha. Kichwani nilivaa kapelo nyekundu niliyoletewa na Shangazi Tusekile, dada yake baba, aliyekuwa na biashara ya vitenge Tunduma na kuvuka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, kama wewe unavyovuka ua kwenda jikoni. Kwa kapelo ile nilijiona msichana wa mjini, ingawa mjini kwenyewe sikutaka kwenda.

Juu ya sikio la kushoto kikatokea kidonda, kidogo kama punje ya mtama. Kikakauka, kikabanduka, kikatoa damu, kikaanza upya. Mama akakipaka mafuta ya mgando. Jirani akaleta majani ya kuponda. Mimi nikakifunika kwa nywele nikasubiri kipone, kwa kuwa kwenda hospitali maana yake kutoka nyumbani.

Ndipo siku hiyo ya Julai Shangazi akaja kututembelea. Alinikuta penye vichanja, akainama anikumbatie, akasita. Akazisogeza nywele zangu, akatazama, akamwita mama.

"Wifi, hiki kidonda kina muda gani?"

"Kilianza msimu uliopita wa kuanika kahawa. Kinakuja, kinaondoka. Ameungua kidogo tu. Wala simpi kazi nzito, wifi, Mungu anaona."

"Hata mimi naona. Umemwanika pamoja na kahawa."

Mama akaketi chini palepale. Nikaona niwatetee wote wawili. "Lakini Shangazi, kapelo yako naivaa kila siku!"

Akaivua kichwani mwangu, akaigeuza huku na huku. "Paa la mbele tu," akasema polepole. "Masikio nimeyaacha nje mimi mwenyewe. Nilikuwa nachagua rangi." Naye akaketi chini kando ya mama. Kuku wakapata sikukuu.

Alitaka kesho yake twende hospitali kubwa Mbeya. Nikakataa katakata. Nilishasikia kwamba huko wanakata.

"Wakinikata sikio nani atanioa?"

"Wewe harusi za wenzako huendi, yako ungefikaje?"

Nilicheka huku nalia. Kisha akanishika mkono, sauti yake ikashuka. "Nilikuwa na rafiki sokoni, mwenye ngozi kama yako. Chake kilianzia shavuni. Akasubiri, akasubiri. Tumemzika. Binti, mimi sikuja kubembeleza sikio. Nimekuja kukuchukua wewe."

Basi nikavaa viatu.

Hospitalini walichukua kwanza kipande kidogo cha nyama wakakipime. Majibu yaliporudi, daktari alituambia ni saratani ya ngozi, ila ilikuwa bado hapohapo sikioni, haijasambaa. Wangeondoa sehemu ya juu ya sikio.

"Nitasikia, daktari?"

"Utasikia vizuri tu. Miwani ndiyo itakulaumu."

Kwa ganzi sikuhisi maumivu. Nilisikia mkasi ukifanya kazi, na hilo lilinitosha. Tangu hapo nimekuwa nikirudi kuangaliwa ngozi. Kuna madoa mengine yaliyotokea usoni wakayagandisha mapema kwa dawa ya baridi kali, nikarudi nyumbani na uso mwekundu na moyo mwepesi. Mimi nisiyekwenda popote, hospitali ile wananijua kama jirani.

Niliporudi baada ya kukatwa, nilikuta mama amejenga kibanda cha nyasi kando ya vichanja, kwa mikono yake. Kapelo nyekundu ameizungushia ukingo mpana wa kitambaa kizito, mpaka mabegani. Nilifanana na uyoga. Akanivalisha, akaurekebisha ukingo upande wenye bandeji, akasema, "Sasa kahawa ikae juani, wewe ukae kivulini." Hatukulizungumzia tena.

Kwa hiyo sikiliza, mwanangu, sikio moja na nusu linakusemesha. Mwenye ngozi kama yangu, usiliamini jua kwa sababu ya baridi, wala kwa sababu ya mawingu. Vaa kofia yenye ukingo pande zote, ifunike masikio na shingo, si kapelo ya kupendezea. Vaa mikono mirefu. Yale mafuta ya kukinga jua yanayotolewa kliniki, paka kabla hujatoka na urudie mchana. Usiyahifadhi kwa ajili ya Krismasi. Na kidonda kisichopona, hata wewe mwenye ngozi nyeusi, usikae nacho ukikipaka hiki na kile. Kipeleke kwa daktari kikiwa bado punje. Nawe mzazi, unapompa mtoto kazi nyepesi, tazama kwanza jua liko wapi. Mama yangu alinipenda sana, na nusura upendo huo unizike.

Haya, nenda, maana naona unatazama mlango, na ugonjwa huo naujua. Mungu akutangulizie kivuli kila uendako, na masikio yako yote mawili yazeeke pamoja nawe.