Kopa tano za rafiki yangu na mabati yaliyo juu ya kichwa changu

Admin, naomba jina langu libaki kwako. Mimi ni mwanaume wa miaka sitini na mbili, nina mke na watoto wanne wakubwa, naishi Makambako. Humu mmezoea visa vya wake wenza na wakwe. Changu ni cha karata. Atakayecheka acheke, ila asome mpaka mwisho, maana ikifika Jumapili natakiwa niwe na jibu.

Miaka ile ya ruksa nilikuwa mtunza stoo kwenye kambi ya wazungu wa barabara. Wakitoka kazini walicheza poka. Nikawa natazama, wakanikaribisha mezani, wakanila mishahara ya miezi miwili, nikaujua mchezo. Kambi ilipofungwa nikahamia Njombe, nikapanga chumba. Chumba cha pili alikaa mtu nitakayemwita Fidelis, Mpangwa wa Mawengi, kule Ludewa. Shirika alilofanyia kazi lilikuwa limepunguza watu, akapewa kiinua mgongo. Wenzake wengi walikinywa chao. Yeye alinunua mabati ishirini na manne, kwa sababu kijijini alikuwa ameshapandisha kuta za nyumba na alitaka mama yake atoke kwenye kibanda cha nyasi kabla ya mvua. Akisubiri lori la kwenda Ludewa aliomba ayaweke kwangu, chumba chake hakikuwa na kufuli la maana. Tukayaegemeza ukutani nyuma ya kitanda changu.

Jumapili baada ya kanisa, baridi ilitukusanya kwangu, jiko la mkaa katikati: mimi, Fidelis na fundi viatu mmoja jirani yetu, sasa ni marehemu. Wao walijua lasti kadi tu. Nikawafundisha poka, tukawa tunawekeana punje za maharage, wakaniita mwalimu. Mapema tu niligundua kwamba Fidelis hajui kujitoa. Kwenye poka karata zako zikiwa mbaya unazilaza chini, unawaacha wengine waendelee, na mchezaji mzuri huzilaza mara nyingi kuliko anavyocheza. Yeye aliona haya. Aliniambia, "Mwalimu, umenikaribisha kwako, umenigawia, halafu nikurudishie? Kwetu hiyo ni kususa chakula cha mtu." Nikacheka, nikamwambia ni vizuri, aendelee hivyo hivyo. Hapo ndipo ningemfundisha. Badala yake nikasema maharage yamechosha, tuweke hela.

Hela zake hazikumaliza hata mchana mmoja. Mkononi nilikuwa na mfuatano, sita mpaka kumi, karata ambazo kwa watu wanaoanza ni kama umeshashinda. Na ni mimi niliyesema, si yeye: "Si una mabati?" Mimi nikaweka hela zote pale mkekani na baiskeli yangu juu yake. Fundi viatu alilaza karata zake, akasema polepole, "Fide, hayo ni ya mama." Fidelis akayatazama mabati nyuma yangu, akazitazama karata zake. "Mwalimu kaweka, na mimi naweka."

Nikafunua zangu. Yeye akazipanga zake moja moja kwenye mkeka: mbili, nne, saba, tisa na malkia. "Sina hata jozi," akasema. "Ila tazama, mwalimu, zote ni kopa. Nilidhani vitu vinavyofanana hivi haviwezi kukosa maana. Hii nayo ina jina?"

Ina jina. Karata tano za aina moja zinaushinda mfuatano, wazungu walishanila nazo mara nyingi. Sikuwa nimewafundisha kwa sababu kwetu hazikuwahi kutokea, naapa sikuzificha. Lakini aliniuliza, nikamtazama machoni, nikajibu, "Haina." Akanipa mkono. Mabati hayakuhitaji hata kuhamishwa.

Baada ya miaka miwili nilikwenda Mawengi kwenye msiba wa mama yake. Zile kuta zilikuwa za tofali mbichi, mvua ilizishusha, na ndani ya msingi walikuwa wamepanda maharage. Mama alifia kwenye kibanda kile kile. Fidelis alinishika mkono akanitambulisha kwa ndugu zake: "Huyu ndiye mwalimu wangu. Alinishinda kihalali, sina kinyongo naye." Wakanipa kiti cha mbele na chakula cha wageni. Nilikula, na sitasahau aibu ile.

Mabati nimeyaezekea nyumba hii ninayoandikia. Mke wangu anajua niliyanunua kwa hela ya kambi. Watoto walipokuwa wadogo walipenda mlio wa mvua, wakilala fofofo. Mimi mvua ikianza naongeza sauti ya redio, kwa sababu kwenye mlio ule namsikia Fidelis akiuliza. Nimeyapaka rangi mara tatu. Kila nikipanda kugongea misumari najikuta nayahesabu.

Juzi akanipigia simu. "Kamwene, mwalimu." Anakuja Makambako kutibiwa macho, akaomba alale kwangu siku mbili. Nikamwambia karibu sana, ningesema nini tena. Ndipo akaongeza, "Mjukuu wangu ana ule mchezo wetu kwenye simu. Nimemsimulia kopa zangu, akacheka, akasema babu, hizo zina jina. Nikamwambia nyamaza, usinitajie. Hilo nitalisikia kwa mwalimu wangu."

Akaniaga kwa upole wake ule ule. Sijui kama anajua yote na ananipa nafasi, au bado ananiamini, na sijui lipi kati ya hayo linaniogopesha zaidi. Mke wangu ameshafua mashuka ya mgeni. Jumapili Fidelis atalala chini ya mabati ya mama yake.

Ndugu zangu, nimwambie pale mlangoni, au nisubiri aniulize? Na nikishalitaja hilo jina, nimrudishie nini mtu ambaye mama yake tulishamzika? Nishaurini mapema. Hapa mawingu yameshafunga.