Siku Sampuli Zilipooshwa

Jiolojia niliisotea miaka minne chuoni, nikaishia kijijini Izigo, mlinzi wa mawe. Kulikuwa na mpango wa kutoboa handaki la kupitisha maji ndani ya kilima, na kabla ya kutoboa ilibidi tujue kilima kina nini tumboni. Mashine ilichoronga, ikatoa vipande vya mwamba vya mviringo, vinene kama mihogo. Nami nikavipanga kwenye masanduku ya mbao, kila kimoja nimekiandika kwa wino kimetoka kina gani.

Masanduku niliyaweka stoo kwa mama mwenye nyumba wangu, mjane wa mwinjilisti, mwanamke asiyeweza kuona vumbi akaliacha. Ijumaa nikateremka Bukoba kula samaki. Nilitakiwa kupiga picha kila sanduku kabla ya kuondoka. Sikupiga. Simu ilikuwa imejaa picha zangu mwenyewe.

Jumatatu nikakuta stoo inang'aa. Mama alikuwa amevisugua vipande vyote kwa stilwaya na sabuni ya unga, wino wote umetoka, kisha amevipanga upya: virefu nyuma, vifupi mbele, kama kwaya.

"Karibu, mwana wange," akasema. "Msomi mzima unaishi na uchafu namna ile?"

"Mama, yale maandishi..."

"Yametoka. Yalinisumbua kweli!"

Nikaketi sakafuni. Nilitaka kulia, kikatoka kicheko. Akadhani nimefurahi, akaniletea senene, wale panzi wa kukaanga. Nikala. Ningefanya nini?

Kisha nikampigia bosi. Nilikuwa nimeshatunga uongo mzuri kuhusu paa linalovuja, lakini mama alisimama pembeni yangu, mikono kiunoni.

"Mwambie ni mimi nimeosha," akasema kwa sauti. "Na asihangaike kunishukuru."

Bosi akamsikia. "Sampuli zimeoshwa kwa kitu gani?"

"Stilwaya."

"Na picha?"

"Sikupiga, mzee."

Tulichoronga shimo jingine hatua chache kando, nikapewa barua ya onyo ambayo niliistahili mpaka nukta. Mama alikuja kila siku na ndizi za kupika, akiwakaripia mafundi kwa matope yao. Siku moja nikamweleza taratibu kwa nini kila kipande kina mahali pake na namba yake. Akasikiliza hadi mwisho.

"Sasa si ungeniambia tu?" akasema.

Nilikasirika siku nzima, maana alisema kweli.