Nilivyowekwa Ndani kwa Ajili ya Misri

Mwaka ule ndege za Ulaya zilipokwenda kuipiga Misri, mimi nilikuwa ndani. Sisemi ndani ya jela, ingawa tofauti ilikuwa ndogo. Nilikuwa mwali. Kwetu Kisarawe msichana akivunja ungo alitiwa chumbani, asionwe na wanaume, asiguswe na jua, akasuguliwa msio wa kung'arisha ngozi na kufundwa na somo wake, yaani kungwi, mpaka siku ya kutolewa kwa ngoma akiwa mabegani mwa watu. Nilikuwa nimekaa humo mpaka ngozi ikawa na rangi ya muhogo uliomenywa. Nilichoka, jamani. Nilichoka mpaka nikawaonea wivu kuku, maana wao walitoka asubuhi.

Chumba changu kilipakana na baraza ya nje, ukuta wa udongo tu katikati. Kila kilichosemwa barazani nilikisikia, hata kile ambacho wanawake hawakutakiwa kukisikia. Na aliyesema zaidi alikuwa baba yangu. Baba alikuwa tarishi wa boma, akipeleka barua kutoka meza ya mzungu mmoja kwenda meza ya mzungu mwingine, kwa kaptula ya kaki iliyopigwa pasi mpaka ikasimama yenyewe. Akizungumzia serikali alisema "sisi." Sisi tumeamua barabara ichimbwe. Sisi tumekataza pombe. Ilibidi umsikilize vizuri, maana katika hao "sisi" yeye hakuwamo.

Mwenzake wa barazani alikuwa fundi cherehani, Mnyamwezi aliyeshonea hapo hapo nyumbani kwetu, mwenye redio ya betri aliyoitunza kuliko mkewe. Sasa, Wazaramo na Wanyamwezi ni watani. Mtani akikusema, unacheka. Ukinuna, umejiaibisha mwenyewe. Baba alilijua hilo, na lilimtesa, kwa sababu yule fundi alikuwa na mdomo wa upanga.

Mtu niliyekuwa namngoja mimi ni bibi yangu mzaa mama. Ndiye aliyenilea, kule Msimbu, mpaka nilipokuwa mkubwa wa kubeba ndoo. Na kwetu mwali ni wa upande wa mama: siku ya kutoka huipanga bibi, somo na mjomba, baba huambiwa tu akanunue anachotakiwa kununua. Bibi alikuwa mgonjwa wa kifua. Mjomba alipokuja kututazama alileta maneno yake kama alivyoyasema: "Mtoeni mapema mwezi huu, kifua kinanibana. Nataka nimwone mjukuu wangu katoka, nimpake unga usoni kwa mkono wangu mwenyewe." Siku ikapangwa. Mimi humo ndani nilicheza peke yangu kwa furaha, somo akanizaba kofi la mgongo niache kutimua vumbi.

Basi jioni moja baba akarudi kutoka boma akiwa kajaa habari hadi shingoni. Bwana Shauri, yaani mzungu mkubwa wa wilaya, alikuwa amewakusanya watumishi akawaeleza vita.

"Hakuna askari atakayetia mguu," baba akatangaza. "Ndege tu. Tutapita juu, tutapiga, tutadondosha na karatasi za kuwaonya. Wamisri wenyewe watachoka, watamfukuza rais wao. Kabla ya Ijumaa ya pili mambo yamekwisha."

Cherehani ikanyamaza. "Hebu nieleweshe, mtani," fundi akasema taratibu. "Mimi nikipanda juu ya paa lako hili, nikakuvurumishia mawe na karatasi, mkeo atakufukuza wewe au atanitukana mimi?"

Baraza nzima ikaangua kicheko. Na mama, aliyekuwa akichambua mchele uani, nilimsikia akisema, "Nitakutukana wewe na ukoo wako."

"Babu yako alifika pwani na pembe ya ndovu begani," baba akafoka. "Wewe unajua nini habari ya ndege?"

"Kweli. Na babu yako alikuwa kakaa njiani anamuuzia maji. Lakini jibu swali langu."

Kwa mtani baba hakuruhusiwa kununa. Ndipo akafanya alichokifanya. "Wallahi!" akasema. "Wallahi tena! Mwanangu hatoki ndani mpaka yule mtu wa Misri ang'oke!"

Loo! Mtu mwingine angeapia jogoo wake, angeapia kilemba chake. Yeye akaniapia mimi. Akilini mwake zilikuwa siku chache tu, akaona atatoa mwali na kusherehekea ushindi wa serikali kwa ubwabwa mmoja. Somo wangu alikuwa akisugua msio kwenye jiwe, mkono ukasimama. "Baba yako ana kichaa," akaniambia. "Mwali anaapiwa na baba? Tangu lini?" Lakini kiapo kilikwisha tajwa kwa jina la Mungu mbele ya watu, na kiapo kwetu si maneno ya kutema kando kama kokwa. Mama alipomwendea, alijibiwa, "Wiki moja tu, mke wangu. Wiki moja."

Na kwa kweli nusura kiapo kitimie. Siku moja redio ya fundi ilitafuta Kairo ikakuta mkoromo mtupu. Ile sauti ya Kiswahili iliyokuwa ikiwasema Waingereza kila jioni ilikuwa imezimika. Ndege zilipiga mitambo yake. Fundi akazungusha, akazungusha. Baba akasimama. "Kimya! Si mnasikia? Kashaondoka huyo! Mama watoto, loweka mchele!"

Mama akaloweka. Somo akaniosha, akanipaka mafuta, akanifunga nywele. Mtu akatumwa Msimbu kumwambia Bibi ajiandae. Nilikaa kwenye mkeka nikiutazama mlango mpaka macho yakauma. Baada ya siku si nyingi redio ikakohoa, na yule mtu wa Kairo akarudi hewani akiwa na afya njema, anasoma habari kama aliyetoka kunywa kahawa. Rais yupo. Anahutubia. Watu wanampigia makofi kuliko zamani.

Somo akanifungua nywele. Nililia kwa sauti, nikitaka baba anisikie barazani. Alinisikia. Aliinua sauti akaanza kueleza habari ya manowari.

Tangu hapo kila jioni palikuwa na maelezo mapya. Ndege hazikutosha, basi askari wakatia mguu, wale wale walioambiwa hawatatia mguu. "Wanamalizia," baba akasema. Mara askari wakaambiwa wasimame, Wamarekani wamekasirika. "Wanajipanga." Mara wakapakia vitu vyao wakarudi makwao. "Hiyo ni mbinu," akasema baba, na fundi akamuuliza kama mbinu hiyo ina miguu ya mbele au ya nyuma tu.

Vita ikaisha kwao, kwetu ikaanza. Wamisri walizamisha meli katika mfereji wao wa Suezi, na meli za Ulaya zikalazimika kuizunguka Afrika nzima. Mwenye duka wa Kisarawe akasema kanga mpya hazipo. Haya, tukaelewa, zinazunguka. Uzi wa fundi haupo. Tukaelewa. Mafuta ya taa yakapanda. Basi la kwenda Dar es Salaam likaenda likichagua siku. Kisha chumvi ikapanda bei. Chumvi inachemshwa hapo hapo pwani yetu! Mama akauliza, mwenye duka akatikisa kichwa kwa masikitiko: "Suezi, mama." Dagaa wakapanda: Suezi. Jirani yetu akapandisha bei ya nazi za mnazi uliosimama uani kwake, naye akasema Suezi, wala hajui iko upande gani. Kule kijiji cha Janga ndege ndogo ya kupima ardhi ilipita chini chini, watu wakatupa majembe wakajitosa mihogoni, na wa kwanza kuingia alikuwa jumbe, kanzu kichwani. Walimtania mpaka akahama njia ya sokoni.

Na mimi nimo ndani. Mjomba alikuja kwa miguu kutoka Msimbu, akasimama uani. "Mama anauliza, mwali anangoja nini? Kama ni kanga, yeye hana haja na kanga. Ana haja na macho yake, anataka amwone angali anaona."

Baba akamwita mwalimu wa chuo cha Kurani, akitumaini labda atasaidiwa. Yule mzee alishangaa kwamba jambo limechukua muda wote huo. "Kiapo cha namna hii kina kafara, bwana. Walishe maskini kumi. Huwezi, funga siku tatu. Mtoto atoke, akamwone bibi yake."

Humo ndani nikahesabu kwa vidole. Siku tatu! Nikamsikia baba akikohoa. "Nikitoa kafara," akasema, "watu watasema nimekiri kwamba tumeshindwa."

"Mmeshindwa wewe na nani?" mwalimu akauliza.

 Mjomba akarudi Msimbu mikono mitupu.

Halafu ikaja ile habari ambayo fundi aliisikiliza mara mbili kabla ya kumwita baba, ili asikose utamu wake. Mkubwa aliyeng'oka si wa Misri. Ni yule wa Uingereza, aliyezituma ndege. Ameacha kazi, ati mgonjwa. Fundi alicheka mpaka akajichoma sindano. "Mtani, sasa mtoe mwali, kiongozi kang'oka!" Baba akasema kwa ukavu kwamba yeye alimtaja wa Misri, na wa Misri yupo, na kiapo ni kiapo. Jamani! Hata Waingereza wenyewe walikwisha kuiacha vita hiyo. Aliyebaki anaipigana dunia nzima alikuwa tarishi mmoja wa Kisarawe, na mateka wake nilikuwa mimi.

Bibi alifariki wiki hiyo. Mama alipiga ukelele uani, mmoja tu, kisha akafunga kanga kiunoni akaenda. Mwali hatembei njiani mchana, mwali haendi mazikoni. Nilibaki na somo, nikiutafuna ukucha wangu, na Bibi akazikwa sikuwapo.

Mama alikaa matangani siku tatu, na majirani wengi walikwenda naye; baba alibaki kwa ajili ya kazi ya boma. Jikoni kwetu hakukuwashwa moto. Somo alipika chungu kidogo ndani, chakula chetu wawili, na mlango wa mwali baba hawezi kuukaribia hata kama harufu inamwita kwa jina. Kuomba kwa jirani ilikuwa aibu, kujipikia aibu zaidi. Nilimsikia akitembea barazani, akifunua vyungu vitupu, akivifunika. Sikumhurumia hata kidogo.

Mama aliporudi hakukaa. Alisimama mbele ya baraza, vumbi la Msimbu miguuni, mjomba nyuma yake. Hakupandisha sauti.

"Nimemzika mama yangu," akasema. "Kesho mwanangu anatoka. Ukitaka kuapa tena, apa sasa hivi, nikusikie kabla sijaingia."

Akapita mbele yake akaingia ndani, akafungua mlango wa chumba changu, akauacha wazi. Ndivyo ilivyokwisha. Hakukuwa na kelele wala karatasi za kuonya. Mtu aliingia kwa miguu yake tu.

Baba alikwenda kwa mwalimu wa chuo jioni ile ile, ili apate pa kushika. Akaeleza kwamba hajala siku tatu.

"Ulinuia kufunga?" mwalimu akauliza.

"Nilinuia."

"Na maji hukunywa?"

Fundi alitusimulia baadaye kwamba baba aliangalia juu muda mrefu, kama anatafuta ndege. Mwalimu akasema basi, Mungu anajua zaidi, na kiapo kikahesabiwa kimelipwa. Chai ya boma, yenye maziwa, aliyoinywa kazini siku hizo, hakuitaja mtu.

Nilitoka bila ngoma kwa sababu ya msiba. Nilivaa kanga ya mama iliyofuliwa, mpya hazikuwapo. Mjomba alinibeba begani kidogo kwa ajili ya desturi, kisha akaniteremsha nitembee mwenyewe mpaka Msimbu. Jua lilinichoma macho, na njia nzima nilikuwa na hasira na baba yangu, hasira ambayo naisema leo bila haya. Rais wa Misri alikuwa kwake, anakula. Bwana Shauri alikuwa kwake. Hakuna hata mmoja wao aliyejua kwamba Msimbu kuna mwanamke aliyekufa akiuliza mwali anangoja nini.

Kaburi lilikuwa bado bichi, udongo umesimama. Nilipiga magoti, na mdomo ukatangulia akili. Nikasema, "Shikamoo, Bibi."

Nikangoja. Kweli nilingoja, kama nilivyozoea tangu utotoni, kichwa chini. Ndipo nyuma yangu mama akaitikia badala yake: "Marahaba, mjukuu wangu. Umechelewa."