Gari Lililokunywa Sadaka ya Baba

Mke wangu alikuwa akiliita gari langu mke mwenza, na hakukosea. Kila asubuhi nilikuwa nimekwisha kulifungua boneti, kulipapasa mipira, kulichungulia chini kama limevuja na kulinywesha maji kabla sijamsemesha yeye neno. "Mwenzangu ameamkaje?" angeuliza kutoka jikoni, akipuliza moto. Nami ningemjibu kwamba mwenzake ana homa, au anakohoa, au leo hataki kuamka kabisa. Tulikuwa tukicheka. Sasa nikilitazama pale chini ya mnazi, limekalia rimu na kuku wanalala ndani, sijui tulikuwa tukichekea nini.

Lilikuwa pikapu, na zamani ilikuwa nyeupe. Mlango mmoja haukufunguka kwa ndani, na taa moja ilitazama juu minazini badala ya kutazama barabara. Kazi yetu mimi na hilo gari ilikuwa madafu. Wakwezi waliyaangusha huku kwetu, baina ya Gazi na Msambweni, nami nikayapeleka Diani, jikoni mwa hoteli na kwa vijana wanaoyachonga ufukweni mbele ya wageni. Kazi ya madafu ni kuwahi tu. Hoteli haikuulizi gari lako lina ugonjwa gani. Mpishi anatazama saa, anakutazama usoni, yamekwisha. Gari hilo ndilo lililotulisha mimi, mke wangu, watoto wetu na baba yangu.

Hapo kwa Baba ndipo inapoingia habari ya kisima. Bila kisima hii ni habari ya gari bovu tu, na magari mabovu yamejaa Kwale nzima.

Baba alikuwa mkata miwa Ramisi. Alipoacha kazi akapewa haki yake ya mwisho, na jamaa wote wakangoja kuona ataezeka nyumba kwa mabati ya rangi gani. Hakuezeka. Alichimba kisima kando ya msikiti wetu, akakitoa sadaka. Sisi tunaamini kwamba mtu akifa amali zake hukatika, isipokuwa mambo machache, na moja katika hayo ni sadaka inayoendelea kuwafaa watu. Kila anayeteka, aliyechimba huandikiwa thawabu. Baba aliingia shimoni mwenyewe na sururu, akaupasua mwamba wa matumbawe mpaka maji yakatoka, matamu na baridi. Watu walikuja na ndoo kutoka vijiji vya jirani. Sisi tukabaki na makuti yetu yanayovuja. Mama, Mungu amrehemu, alikuwa akisema mumewe amejenga Akhera na kumwachia yeye mvua ya duniani.

Halafu kisukari kikamzima Baba macho, na miguu nayo ikaanza kumkatalia. Akawa mtu wa barazani. Akawa anatawadha nyumbani na kuswali nyumbani, isipokuwa Ijumaa, ambapo nilimpandisha garini na udhu wake, akakaa mbele kama waziri mpaka mlangoni pa msikiti. Katika miaka hiyo, akiwa hakaribii tena kisima chake, maji yakabadilika. Kwanza sabuni ikakataa kutoa povu. Kisha chai ikawa hainyweki hata uizidishie sukari. Mwisho ukawa unakunywa ndipo unapata kiu. Wengine walisema bahari imepanda, wengine wakasema ni visima virefu vya mahoteli, na wengine wakasema ni hasadi. Mimi sijui. Chumvi ilikuwa imeingia na haikutoka.

Hakuna aliyemwambia. Nani angekwenda barazani, atoe shikamoo, aitikiwe marahaba, kisha amwambie mzee kwamba sadaka yake imeharibika? Imamu hakuweza, jirani hakuweza, na sisi wa nyumbani ndio kabisa. Mke wangu akawa anaujaza mtungi wa Baba kwa maji ya mfereji, yale yanayouzwa kwa mkokoteni. Baba anayanyanyua, anakunywa polepole, anakitua kikombe na kusema, "Maji ya kisima changu hayana mfano." Mke wangu anaingia ndani. Mimi naangalia minazi.

Baadaye wafadhili wakauletea msikiti mifereji na tangi kubwa jeusi, na watu wakaacha hata kutawadha kwa maji ya kisima. Hilo lilinitia uchungu. Maji ya chumvi hayakatazwi kwa udhu, hata ya bahari ni tohara, lakini nani atayataka na mfereji uko hapo? Nikamwendea imamu faraghani nikamuuliza kama thawabu za Baba bado zinaendelea. Imamu alikuna ndevu. Akasema maadamu yuko anayenufaika na maji yale, hata akiwa ni mnyama tu, inshallah zinaendelea. Nilirudi nikifikiri njia nzima. Mnyama sikuwa naye. Nilikuwa na gari.

Basi kila siku baada ya Alfajiri nikawa nateka dumu moja, nasema bismillahi, na kulitia gari maji kwenye rejeta. Gari halina ulimi, nilijiambia, litajuaje chumvi? Nikirudi namkuta Baba ameshatoka barazani.

"Umeteka?"

"Nimeteka, Baba."

"Na gari limekunywa?"

"Limekunywa."

"Alhamdulillahi."

Na haukuwa uongo! Hilo lilinifurahisha kupita kiasi. Tuliokuwa tukimdanganya mzee kwa kila kikombe tulikuwa tumepata jambo moja la kweli la kumwambia. Kijiji kizima kilikuwa kimekiacha kisima chake, akabaki mtumiaji mmoja, na mtumiaji huyo alikuwa pikapu yenye taa ya kutazama minazini. Maadamu gari linakunywa, Baba anaandikiwa. Nililitunza kwa ajili hiyo kuliko hata kwa ajili ya madafu.

Likaanza kuchemka. Mwanzo lilikuwa likichemka karibu na Ukunda, kisha kabla ya Ukunda, kisha tukawa hatuipiti njia panda ya Gazi bila kusimama. Nilishuka, nikafungua kifuniko kwa kitambaa huku mvuke ukinifokea, nikaongeza maji ya dumu lile lile. Kadiri lilivyochemka ndivyo lilivyokunywa, na nasema kweli, moyoni nilifurahi. Dumu moja lilikuwa limekuwa mawili, na thawabu za Baba zilikuwa zikizidi huko zinakoandikwa. "Mwenzangu ana kiu ya kisukari," mke wangu akasema asubuhi moja. Nikamkaripia. Kiu hiyo tulikuwa tunaishi nayo nyumbani, tunaijua ni dalili ya nini, na bado nikaendelea kumimina.

Lilikufa asubuhi, likiwa na mzigo wa madafu mpaka juu. Kulikuwa na mlio, ukafuata moshi mweupe, kisha kimya ambacho mwenye gari bovu hukitambua mara moja. Mpishi alipiga simu, akapiga tena, kisha hakupiga. Jua lilikuwa limekwisha kuyapiga madafu lilipotokea lori la mchanga likanikokota mpaka Ukunda, kwa fundi mmoja kutoka bara, mlokole mchangamfu aliyefanya kazi huku akiimba tenzi. Aliifungua injini. Akaacha kuimba.

"Mzee, hii maji umekuwa ukiweka ni ya wapi?"

"Ya kisima."

"Kisima gani hiyo? Hebu ona." Alikwangua kwa bisibisi, ukamwagika unga mweupe uliochanganyika na kutu. "Hii ni chumvi tupu. Hedi imekulwa, bloku imekulwa. Hata nikikufungia, haiendi mbali."

"Haitengenezeki?"

"Ukipata injini ingine, sawa. Lakini hii, buda, ni maombi tu."

Akaomba kweli, papo hapo, kwa dini yake, mkono wenye grisi juu ya bloku. Mimi nikaitikia amina kwa dini yangu. Tukajaribu kuliwasha. Wapi!

Hoteli ikapata mtu mwingine, na sikuwalaumu. Mke wangu akaanza kukaanga mahamri ya kuuza barabarani, na mimi nikawa napanda miche ya mikoko Gazi siku zinapotakiwa mikono, na siku nyingine naitwa kupakia mchanga. Gari lilirudishwa kwa kamba likawekwa chini ya mnazi. Baba aliposikia limeugua alisema neno moja tu: lipewe maji, tena ya kisima chake, yana baraka. Sikujua la kufanya, nikaendelea kuteka. Nilimimina juu, maji yakapita kwenye ufa na kutokea chini kwenye mchanga.

"Limekunywa?"

"Limetiwa, Baba."

Akasema alhamdulillahi. Hapo ndipo nilipojua kwamba mambo yamekwisha. Hakukuwa na mtu, mnyama wala gari lililokuwa likinufaika na kisima kile. Mzee alikuwa hai, ameketi barazani, na sadaka yake imekwisha kukatika.

Ijumaa ikafika. Nilimwambia Baba ana ruhusa ya kuswali nyumbani, mgonjwa hana dhambi. Akaniuliza tangu lini nimekuwa shehe. Akatawadha kwa maji ya mtungini, akavaa kanzu, akanishika mkono, tukaenda kwa miguu. Njia ya mchanga ilimchosha. Katikati ya safari kisukari kikafanya kazi yake, ikabidi nimsogeze kichakani akajisaidia. Alipomaliza akaniambia, kwa utulivu kabisa, "Basi udhu umekwenda. Nitautia kule kule."

Nilimpeleka upande wa mifereji. Nilikuwa nimekwisha kuufungua mmoja, nimemshika kiganja, akakivuta.

"Sauti gani hiyo?"

"Mfereji, Baba. Wafadhili waliuleta."

"Wanaotaka mfereji watumie mfereji. Mimi nipeleke kisimani kwangu."

"Hotuba inakaribia kuanza, Baba."

"Nipeleke, mwanangu."

Waliokuwa wakitawadha waliinua nyuso. Wote walijua. Nilimwongoza mpaka kwenye ukingo, akaupapasa, akayagusa mawe aliyoyapanga mwenyewe, akatabasamu. Sikuwahi kuogopa tabasamu la mtu kiasi kile. Nikateremsha ndoo. Nikateka. Nikamimina kwa kata, akaosha viganja, kisha akakinga maji akayatia kinywani kusukutua.

Aliyashika mle kinywani. Mashavu yakasimama. Mimi nilitazama koo lake, nikaomba asiyameze, kisha nikaomba ayameze asiseme kitu, kisha sikujua naomba nini. Akayatema. Akakinga tena, akasukutua mara ya pili. Akakinga mara ya tatu. Hakuruka faradhi wala sunna: pua, uso, mikono mpaka viwikoni, kichwa, masikio, miguu, mguu wa kulia kwanza. Nilimimina, maji mengi yakamwagika bure. Alipomaliza akainuka, akanishika bega.

"Tangu lini?"

"Kitambo, Baba."

"Na yale ya mtungini?"

"Ya mfereji."

Ndani msikitini imamu alikuwa ameshatoa salamu na adhana ya pili ilikuwa ikisomwa.

"Gari," akasema, "ndilo lililokuwa likinywa haya?"

"Ndilo."

Alinyoosha mkono nimwongoze. Tuliingia, tukaswali, watu wakaja kumshika mkono mmoja mmoja, kila mmoja akiushika kwa muda mrefu kuliko desturi. Njiani aliuegemea mkono wangu. Nilitamani anitukane. Baba alikuwa na ulimi mkali zamani, wakata miwa walimwogopa, na ningetoa kila kitu nilichobakiwa nacho ili anitukane siku ile.

Asubuhi iliyofuata niliteka, sijui kwa nini, mazoea tu, nikarudi na dumu langu mpaka barazani.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba."

Nikasimama nikingoja aniulize kama nimeteka. Hakuuliza. Mke wangu alimletea kikombe chake cha maji, akanywa, akakitua, na hakuyasifu. Mke wangu alibaki amesimama pale mlangoni, hakujua aondoke au akae. Kisha Baba akageuza uso upande niliokuwa nimesimama.

"Waambie wakifukie kile kisima," akasema. "Asije mtoto wa watu akatumbukia."

Nikaitikia naam, Baba. Mpaka leo hakijafukiwa. Kukifukia kunataka mchanga mwingi, na gari la kuubebea sina.