Aliyepokea Baraka ya Cucu

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu haya yalinipata mimi mwenyewe, mchana, nikiwa sina homa wala sijaonja pombe. Mpaka leo nikiyasimulia sauti inapanda. Si woga. Ni hasira.

Mimi ni mwalimu katika mji wa Maua, milimani, lakini kwetu ni Kanja, Embu. Jumamosi hiyo nyanya yangu, ambaye sote tulimwita Cucu, alikuwa katika saa zake za mwisho nyumbani. Mama alinitumia ujumbe asubuhi kwamba Cucu anabariki wajukuu mmoja mmoja, na sisi tulio mbali atatubariki kwa simu, kwa hivyo nikae tayari. Kwetu baraka ya mzee anayeondoka si mchezo. Anakutemea mate kidogo kifuani na kukutamkia maisha yako, na hairudiwi. Huyo ndiye mama aliyenilea nikiwa mdogo. Unadhani niliitaka kiasi gani?

Shida ilikuwa betri. Ilikuwa imevimba, simu inazima inapotaka, nami niliogopa isije ikakatika Cucu akiwa katikati ya maneno. Betri mpya nilikuwa nayo, basi nikaitoa ile mbovu mwenyewe, nikaweka mpya, nikafunga mfuniko. Simu ikawaka vizuri kabisa. Netiwaki ndiyo haikuwepo.

Nikaweka alama ya ndege, nikaitoa. Nikazima, nikawasha. Nikachomoa laini, nikaifuta kwa shati, nikairudisha. Waifai ya mwenye nyumba ilishika kidogo nilipoilaza simu juu ya ruta, kisha ikaachia kabla ujumbe wowote haujatoka. Nikafuta mipangilio yote ya mtandao nikaanza upya. Wapi. Mwenye nyumba alikuwa ameenda sokoni na simu yake, kwa hivyo nikatoka mbio kwenda kuazima ya Kirimi, mwalimu mwenzangu anayekaa ng'ambo ya shamba la miraa.

Ukungu ulikuwa umeshuka. Katikati ya ile miti nikasikia mtu anaongea Kiembu. Maua watu wanaongea Kimeru, kwa hivyo nikafurahi, nikajua ni mtu wa kwetu, ataniazima simu. Nikasogea. Niamini, sauti ile ilikuwa yangu. Yangu kabisa, hata kule kukwamakwama ninapotaka kulia.

"Ndiyo, Cucu," alikuwa anasema. "Nimesikia, Cucu. Asante."

Mkono wake ulikuwa sikioni, na ndani ya mkono hakukuwa na kitu. Kwa mkono wa pili alikuwa anajipaka kifuani polepole, shati limelowa hapo tu.

"Wewe ni nani?" nikamuuliza. "Unaongea na nani?"

Akageuka. Uso wake siwezi kukuambia ulivyokuwa, maana nilikuwa nausahau huku nautazama. Hakuwa na haraka.

"Mwalimu, ulikuwa umefunga mlango," akasema. "Mgeni akabisha. Mimi nikaitika."

Nikamrukia. Nilitaka kumvunja. Nikajikuta nimekumbatia mti wa miraa, magome yake yamenichuna shavu, na hakuna mtu.

Kwa Kirimi nilipiga simu nikihema. Mama akapokea analia.

"Tulia, mwanangu, si umeshaongea naye? Alishindwa kukufikia kifuani, akaitemea simu. Umemjibu vizuri sana. Ulipomshukuru tu, akapumzika."

Ungesema nini? Ungemwambia mama kwamba Cucu ametapeliwa akiwa kitandani pa mauti? Sikumwambia, na hilo linanikereketa mpaka sasa.

Nyumbani nikaifungua simu. Waya mwembamba wa antena ulikuwa umechomoka nilipobadilisha betri, kichwa chake kikining'inia pembeni ya tundu. Nikaubonyeza ukaingia, netiwaki ikajaa. Kwa hiyo usiniambie eti simu ilishika netiwaki kidogo nikasahau kwamba niliongea. Isingeshika.

Tulimzika Cucu, na kila aliyekuwa chumbani alinipongeza kwa maneno ambayo sikuyasema. Alichonitamkia sijui. Siwezi kuuliza, maana wanaamini nilikisikia. Na kuna kitu fulani kinatembea huko milimani kimebeba maisha niliyokusudiwa mimi, na nikikipata sitakiuliza jina.

Sikiliza basi. Kabla hujaifungua simu yako kuitengeneza, waambie watu wako. Waambie mpaka utakapowapigia wewe, wasimwamini yeyote atakayeitika, hata kama ni sauti yako. Mimi sikusema.

Mwezi uliopita nilikuwa Kanja, nimekaa na mama jikoni. Akanigeukia.

"Siku ile ulimwongelesha Cucu kwa upole sana," akasema. "Mbona mimi huniongeleshi hivyo?"