Wajukuu wa Bibi Mmoja

Binti yangu alikuwa jikoni, kwenye apatimenti yetu ya Burnsville, hapa Marekani, akifanya homuweki ya historia. Akanisomea sababu za Vita vya Kwanza vya Dunia: mikataba ya kulindana, mashindano ya silaha, uchu wa makoloni, mrithi wa kiti cha enzi aliyepigwa risasi. Akaongeza kwamba mfalme wa Uingereza na yule wa Ujerumani walikuwa wajukuu wa bibi mmoja.

Damu ikanichemka. Juzi tu, kazini, bosi wangu aliniuliza kwa nini sisi Wakongomani tunauana. Nikaanza kumweleza habari za madini, mipaka, na wakubwa wanaotuletea bunduki. Akanikatiza: "Kumbe ni mambo ya makabila." Akarudi kwenye kahawa yake.

Vita vya Wazungu vina sura nzima ya sababu kitabuni. Vyetu vimepewa neno moja!

"Andika hapo," nikamwambia binti yangu, "ukabila."

Akanijibu kwa Kiingereza chake kwamba mwalimu atamkata maksi.

"Mwache akate. Umuulize tu, wajukuu wa bibi mmoja wakiuana, kama huo si ukabila, basi ni nini?"