Kufunga Koki Kabla ya Kufika

Pikipiki ninayoendesha ni ya marehemu baba. Kabureta yake unaifungua kwa bisibisi moja na spana namba kumi, na nimeifungua mara nyingi kuliko nilivyowahi kufungua daftari. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa, nilichoka tu kukaa.

Mpaka leo sikai. Wiki hii nabeba vitenge na vipuri kutoka Tunduma kwenda Isongole, wiki ijayo niko Mkwajuni natengeneza pampu za kuvuta maji kwenye mashimo ya dhahabu. Nikishazoea njia, naanza kutafuta nyingine. Mama yuko Itaka, kwenye kahawa aliyoachiwa na baba, na kwa miaka mingi alinizoea hivyo: nimekuja, nimelala, nimeondoka.

Halafu pikipiki ikaanza kunishika. Nikikaa kwa mama siku chache tu, haiwaki. Napiga kiki mpaka paja linauma. Nililaumu ukungu wa Itaka, nikalaumu plagi, kisha nikamlaumu muuza petroli ya chupa kwamba ameongeza maji, maana huku kwetu huyo ndiye analaumiwa kwanza.

Mwishowe nikaifungua kabureta juu ya meza ya mama ya kulia. Kwenye bakuli lake la chini, pale petroli inaposubiri kuvutwa na injini, kulikuwa na unga mweupe na tone la maji limejitenga peke yake. Jeti, kile kitundu chembamba ambacho petroli hupitia, ilikuwa imezibwa na utando wa rangi ya chai. Mpira wa kuzuia kuvuja ulikuwa umevimba kama haragwe lililolowekwa. Mama akasogea, akanusa.

"Hii inanuka gongo."

"Ni petroli, mama."

"Gongo naijua. Umeilewesha pikipiki ya baba yako."

Nilicheka. Lakini maneno yake yalinikaa kichwani hadi Tunduma, na huko kwenye foleni ya malori nikamkuta dereva Mmalawi anasonga ugali kando ya tairi. Nikamsimulia. Akaniuliza huwa najaza wapi. Nikamwambia nikifika Isongole navuka mpaka, najaza mafuta upande wao wa Malawi yakipatikana.

"Ya kwetu huwa inachanganywa na spiriti ya miwa, kaka," akasema. "Gari jipya halijali. Hiyo yako ni babu. Unamnywesha babu kila siku halafu unashangaa haamki?"

Mimi siamini kitu mpaka nikione. Nikachukua chupa tupu ya soda, nikatia maji kidogo, nikachora alama ya kalamu pale yalipoishia. Nikajazia petroli kutoka kwenye tenki, nikatikisa, nikaiacha itulie. Maji yakakaa chini, lakini sasa yalikuwa juu ya ile alama. Spiriti ilikuwa imetoka kwenye petroli na kuyafuata maji. Nikaimwaga, nikarudia. Dereva alikula ugali wake akaumaliza, mimi bado natikisa chupa.

Kuanzia hapo nilimuuliza kila fundi niliyekutana naye. Nikajua kwamba spiriti hiyo huvuta unyevu wa hewani, hulegeza mipira ya zamani, hung'oa uchafu uliolala miaka mingi kwenye tenki na kuupeleka kwenye jeti. Ukitembea kila siku, mafuta yanapita na shida haionekani sana. Ukisimama ndipo mambo yanaharibika. Habari hiyo ilinifurahisha kupita kiasi. Nilimpelekea mama kama mtu aliyeshinda kesi: pikipiki inaugua kwa kukaa.

Mama hakucheka. "Na dawa yake hakuna?"

Dawa ilikuwepo, na sikuweza kumdanganya. Nilibadilisha mipira yote. Jeti nikaizibua kwa uzi mmoja wa shaba kutoka kwenye waya wa umeme, si kwa waya wa breki, maana ule ni mgumu na hupanua tundu. Kisha nikamweleza lililobaki: ukitaka kukaa mahali, unafunga koki ya mafuta kabla ya kufika, injini inamaliza yaliyomo kwenye bakuli, inazimika yenyewe. Kabureta ikibaki kavu haina cha kuiozesha.

"Basi uwe unafunga," akasema.

Nilifunga nilipokuja kukaa. Nilipokuja kulala tu, nilizima kwa ufunguo. Sikujua kwamba anasikiliza, mpaka nilipogundua kwamba injini ikikohoa na kufa yenyewe uani, nakuta ameshabandika maharage jikoni. Nikizima kwa ufunguo, nakuta chai tu.

Mwaka huu alinipigia simu nikiwa Tunduma. "Kahawa imeiva, goti limekataa." Akakata simu. Wachumaji walikuwa wameshachukuliwa na wenye mashamba makubwa, na kahawa yake ilikuwa inakaukia mtini. Nami nilikuwa nasubiriwa Mkwajuni, kwenye pampu ya aina ambayo sijawahi kuifungua.

Nikapitia Itaka nilale usiku mmoja. Njia nzima niliipigia hesabu ile koki, na mkono ukabaki kwenye usukani. Niliingia uani injini ikinguruma. Mama alikuwa amesimama na kikapu, ameegemea mlango.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Usizime."

Alikuja akichechemea, akashika kiti cha pikipiki kwa mkono mmoja, akainama kwa shida. Mkono wa pili ukapapasa chini ya tenki, ukaipata koki, ukaifunga. Akanyooka, akabaki amesimama pale. Injini ilienda vilevile kwa muda, kisha ikapanda mlio ghafla kama inavyofanya mafuta yanapokaribia kuisha. Koki ilikuwa karibu na goti langu. Kuifungua ni kidole kimoja tu.

Ikakohoa, ikazimika.

Nikashuka, nikaanza kufungua kamba ya mzigo.